Mtafiti Hufundwa Penye Swali Lake

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio moja la kitabibu ambalo kila mzazi wa Afrika Mashariki ana haki ya kulijua, ingawa waliolisikia ni wachache. Liliitwa FEAST. Lilifanyika katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi, Soroti na Muheza, na likahusisha watoto 3,141 waliofikishwa wodini wakiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini: mikono na miguu imepoa, moyo unakwenda mbio, mtoto amelegea au anahema kwa shida. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo atundikiwe dripu na maji mengi yaingie haraka. Ndivyo ilivyokuwa katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, na ndivyo vitabu vilivyoelekeza. Watafiti wakaamua kupima. Baadhi ya watoto walipewa maji mengi kwa kasi, wengine wakapewa kiasi cha kawaida cha kuwatunza tu. Waliomiminiwa maji kwa kasi ndio waliokufa zaidi: ndani ya saa 48 walifariki zaidi ya 10 katika kila watoto 100, ilhali kwa wenzao walifariki takribani 7. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake. Watoto walioishiwa maji kwa kuharisha hawakuwamo katika utafiti huu; hao bado huokolewa kwa kurudishiwa maji, na asiwepo mzazi wa kuchanganya mambo haya mawili.

Walioandika vitabu vile hawakuwa wazembe. Walikuwa wametibu watoto penye mashine za kupumulia na wodi za uangalizi maalumu, tena watoto ambao wengi wao hawakuwa na malaria wala upungufu mkubwa wa damu. Swali la Muheza na Soroti lilichelewa kuulizwa kwa sababu mwenye uwezo wa kuliuliza hakuwa wodini, na aliyekuwa wodini hakuwa amefundwa kuuliza. Hapo ndipo nafasi za utafiti na mafunzo kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa sayansi, jambo ambalo kwa kawaida huonekana ni la wenye vyuo peke yao, linapomgusa mama aliyembeba mtoto mgonjwa. Ninachotetea hapa ni hiki: mtafiti hufundwa vizuri zaidi pale swali lake lilipo. Kwa hiyo nafasi ya masomo ya juu ya sayansi ipimwe kwanza kwa msimamizi, maabara na swali lenyewe, ndipo tuangalie jina la nchi na la chuo kitakachotoa cheti.

Kwa msomaji ambaye hajapita njia hiyo, inafaa kueleza mafunzo haya yanavyokwenda. Shahada ya kwanza humfundisha mtu yale ambayo wengine wameshayajua. Uzamili humfikisha ukingoni mwa yanayojulikana, na uzamivu humtaka aongeze jambo ambalo kabla yake hakuna aliyelijua. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi haifanyiki darasani. Mwanafunzi wa uzamivu hukaa miaka 3 hadi 5, na wengi hupitiliza, akiandaa andiko la utafiti, akisubiri kibali cha maadili, akikusanya sampuli, akirudia kipimo kilichoharibika, akituma makala kwenye jarida na kurudishiwa ikiwa imejaa maswali ya wahakiki asiowajua. Anayemwongoza ni msimamizi, na uhusiano wao ni ule wa fundi na mwanagenzi: mwanagenzi hujifunza zaidi kwa kuona fundi anavyoikataa kazi mbovu. Msimamizi mzuri husoma rasimu mstari kwa mstari, humuuliza mwanafunzi kwa nini alichagua nyumba hizi akaziacha zile, na humkatalia kuifuta namba inayoharibu mchoro wake. Msimamizi asiyepatikana, hata awe profesa mwenye jina kubwa namna gani, humwacha mwanafunzi apoteze mwaka mzima kwa kosa ambalo lingeonekana katika mazungumzo ya nusu saa.

Tazama sasa jinsi nafasi hizi zinavyotafutwa. Kila msimu matangazo ya ufadhili husambaa kwenye simu: Jumuiya ya Madola, DAAD ya Ujerumani, MEXT ya Japani, serikali za China na Uturuki. Ni milango halali, na imewafaa wengi. Tatizo ni mpangilio wa hatua. Mwombaji huanza na nchi, akaja kwenye chuo, akatafuta kozi yenye nafasi, na swali la utafiti likamjia mwisho, mara nyingi likiwa limeshaamuliwa na mradi wa profesa aliyemkuta huko. Kijana aliyehitimu biolojia Mwanza anaweza kujikuta akimaliza miaka 4 akichunguza samaki wa ziwa la nchi nyingine, ilhali ziwa kubwa kuliko yote barani liko mlangoni kwao na linazidi kuzongwa na magugu maji na uchafu wa miji. Elimu aliyoipata haina ubaya. Lakini akirudi, ujuzi wake umefungamana na mashine aliyoiacha huko, data zake ni za watu wengine, na wenzake wa kuulizana nao wako mbali kwa saa na kwa bahari. Wengi katika hali hiyo huishia kufundisha tu, au kutorudi kabisa, na siwalaumu.

Kilifi inaonyesha njia nyingine. Kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust kilianza hapo mwaka 1989, timu ndogo ndani ya hospitali ya wilaya ikiwa na swali moja zito: kwa nini mtoto mmoja huugua malaria akapona na mwingine akafa? Kulijibu kulihitaji wodi, maabara, na kujua nani anaishi wapi. Tangu mwaka 2000 kituo kimekuwa kikifuatilia kuzaliwa, kufa na kuhama kwa zaidi ya watu 250,000 wanaoizunguka hospitali. Kwa mwanafunzi, hiyo ni hazina isiyo na bei. Anayetaka kujua kama chanjo imepunguza ugonjwa fulani hahitaji kukisia idadi ya watu, kwa sababu nyumba zimeshahesabiwa na wagonjwa wanaolazwa huunganishwa na nyumba walikotoka. Mafunzo yamejengwa juu ya msingi huo kwa ngazi. Wahitimu wa shahada ya kwanza hupokewa kwa mafunzo ya vitendo, wanaong'ara husaidiwa kuingia uzamili, kisha uzamivu, wakisajiliwa katika vyuo vikuu vya ndani au vya nje huku utafiti wenyewe ukifanyika palepale. Faith Osier, daktari wa watoto Mkenya aliyegeukia elimu ya kinga ya mwili, alikulia kitaaluma hapo, akichunguza jinsi kingamwili za watu waliokwishazoea malaria zinavyopambana na vimelea, na mwaka 2014 Royal Society ya London ilimpa tuzo yake ya watafiti wa Afrika. Amefanya kazi Kenya na ng'ambo, lakini swali alilolibeba kila alikokwenda ni la pwani ya Kenya.

Upande wa Tanzania, Ifakara ina historia ndefu zaidi. Maabara ya kwanza ilianzishwa huko mwaka 1957 na taasisi ya tiba ya tropiki ya Basel, Uswisi, katika Bonde la Kilombero lenye mito, mashamba ya mpunga na mbu wasiohesabika. Leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, yenye uongozi wa Watanzania na tawi kubwa Bagamoyo. Kazi ya mwanafunzi wa mbu inastahili kutazamwa kwa karibu. Asubuhi mitego hukusanywa majumbani. Mezani, chini ya hadubini, madume hutengwa na majike hupangwa: waliokunywa damu, wenye mayai, wenye njaa. Kisha kila jike hukatwa kwa makini. Kichwa na kifua hupimwa kama vimebeba vimelea vya malaria. Miguu huenda kwenye kipimo cha vinasaba ili ijulikane ni mbu wa jamii gani, maana ziko jamii zinazofanana kabisa kwa macho lakini moja huuma ndani usiku wa manane na nyingine huuma nje jioni, watu wakiwa bado wanaota moto. Kazi hiyo hurudiwa kwa maelfu ya mbu, mwezi baada ya mwezi, na anayeifanya kwa uvivu siku moja huharibu hesabu ya mwaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 kutokana na kazi ya namna hiyo, wanafunzi wa uzamivu wakiwa mstari wa mbele, yalionyesha kwamba katika vijiji vilivyochunguzwa bondeni humo, mbu aitwaye Anopheles funestus, ambaye kwa idadi alizidiwa na wengine, ndiye aliyekuwa akieneza zaidi ya asilimia 80 ya malaria iliyobaki. Ukishalijua hilo, huna sababu ya kutawanya nguvu kwa mbu wote sawasawa. Unamwandama huyo, unajifunza anazaliana wapi na dawa gani ameshaizoea. Ujuzi wa aina hii haupatikani kwa kukaa mbali na bonde.

Kwa upande wa mazao mfano bora uko Nairobi. Thomas Odhiambo, Mkenya aliyepata uzamivu wake Cambridge, aliandika mwaka 1967 katika jarida la Science kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki, na mwaka 1970 akaanzisha kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho icipe. Mwaka 1983 kituo hicho kiliungana na vyuo vikuu vya Afrika na kuanzisha mpango wa uzamivu ambao kwa maoni yangu ni miongoni mwa mambo ya busara zaidi yaliyowahi kufanywa katika elimu ya juu ya bara hili. Mwanafunzi husajiliwa katika chuo kikuu cha Kiafrika, hufanya utafiti wake icipe, husimamiwa na watu wa pande zote mbili, na shahada hutolewa na chuo. Chuo hakilazimiki kununua maabara kisiyoweza kuitunza, na kituo hakilazimiki kugeuka chuo. Katika mazingira hayo ndimo ulimokomaa mfumo wa kilimo unaojulikana kwa wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya kama vuta-sukuma. Mkulima hupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na majani ya tembo pembezoni mwa shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo ambao funza wao hutoboa mabua, majani ya tembo huwavuta watage huko nje, na mizizi ya desmodiamu hulizuia gugu la kiduha lisishike mahindi. Kila kipande cha maelezo hayo, harufu ipi, mzizi upi, nondo yupi, kilihitaji mtu wa kukaa nacho miaka, na wengi wa watu hao walikuwa wanafunzi wa shahada za juu.

Sehemu nyingine nazitaja kwa haraka, ili msomaji aone kwamba mifano hii haiko peke yake. Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina kituo cha utafiti wa panya, na shirika la APOPO, lililoko hapo tangu mwaka 2000, limewafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Entebbe ina taasisi ya virusi iliyoanza mwaka 1936, ambayo watafiti wake walivitambua virusi vya Zika mwaka 1947. Tengeru, nje kidogo ya Arusha, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilizinduliwa mwaka 2012 kwa ajili ya shahada za juu. Kigali kuna AIMS kwa wanahisabati na, tangu mwaka 2018, taasisi ya fizikia ya msingi iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Makerere ndiko yaliko makao ya RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vyenye mafunzo ya kilimo, na Nairobi ndiko linakoratibiwa tangu mwaka 2008 shirikisho la CARTA linalowafunza wahadhiri vijana wa Afrika wafikie uzamivu wakiwa kazini kwao. Vijana wengi wanaokesha wakijaza fomu za ng'ambo hawajawahi kusoma ukurasa mmoja kuhusu taasisi iliyo safari ya saa chache kutoka nyumbani kwao.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba anayebaki nyumbani hujifungia: hakutani na wakubwa wa fani yake, hashindani na walio bora, na msimamizi wake ni mwanafunzi wa msimamizi aliyetoka chuo hichohicho. Ni kweli, na anayelipuuza hajui upweke unavyoua sayansi. Aliyelijua ni Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani. Alirudi Lahore mwaka 1951 akiwa na uzamivu wa Cambridge na sifa tayari duniani. Hakukuta majarida mapya wala mwenzake wa kuzungumza naye fizikia, na mkuu wa chuo alimwambia asahau utafiti, akamtaka achague kazi ya ziada. Salam akachukua timu ya mpira. Mwaka 1954 alirudi Uingereza, na mwaka 1979 akapata Tuzo ya Nobeli. Lakini hakuridhika na wokovu wake mwenyewe. Mwaka 1964 alianzisha Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia, na utaratibu wake mashuhuri ni huu: mwanasayansi wa nchi maskini huja hapo kwa majuma kadhaa, kwa awamu ndani ya miaka kadhaa, akasoma, akahojiana na wenzake, kisha akarudi chuoni kwake. Salam aliona kwamba mtu asilazimishwe kuchagua kati ya nchi yake na fani yake.

Uppsala nchini Sweden ilikuwa imeanza jambo linalofanana na hilo mwaka 1961. Mpango wake wa kimataifa wa sayansi umesaidia idara za fizikia, kemia na hisabati katika nchi kadhaa, zikiwemo za Afrika Mashariki, kwa kuishika idara nzima kwa miaka mingi, na mwanafunzi wa uzamivu hugawa muda wake: sehemu kubwa nyumbani, miezi kadhaa ng'ambo kwenye mashine ambayo haipo kwao, kisha nyumbani tena. Hili ndilo jibu la pingamizi. Kusafiri ni lazima. Kinachobishaniwa ni nani mwenye safari. Mwanafunzi anayeondoka akiwa na sampuli zake, swali lake na tarehe ya kurudi huenda kuchukua mbinu. Anayeondoka mikono mitupu hupangiwa kazi. Hata aliyesoma nje moja kwa moja hufaidisha akipata pa kurudia. Askwar Hilonga alipata uzamivu wake Korea Kusini, akarudi kuwa mhadhiri pale Tengeru, akakuta maji ya Arusha yenye floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa ya watoto. Chujio alilobuni, ambalo hurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, lilimpatia mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Kihandisi inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza, akiwa mshindi wake wa kwanza. Ujuzi ulitoka Korea, swali likatoka Arusha, na kati ya hayo mawili palikuwa na taasisi ya kumpokea.

Wengine husema vifaa hatuna, na bila vifaa haya yote ni maneno. Upungufu upo. Jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri halivumilii umeme unaokatika, na sampuli za miaka 3 zinaweza kuharibika usiku mmoja jenereta ikikataa kuwaka. Vitendanishi vinavyotakiwa kubaki kwenye barafu hufika uwanja wa ndege vikakaa siku kadhaa vikisubiri karatasi ya kodi, na vinapotoka havifai tena. Hata hivyo, janga la korona lilitupa ushahidi usiopingika. Mwaka 2020 maabara za Kilifi na Entebbe zilisoma vinasaba vya kirusi kipya na kufuatilia kilivyokuwa kikibadilika ndani ya nchi zao, wakati ambapo mipaka ilifungwa na hakuna sampuli iliyokuwa ikisafiri kirahisi. Vifaa vilikuwepo kwa sababu watu wa kuvitumia walikuwepo tangu zamani. Tena sehemu ya tatizo hili haihitaji mabilioni. Forodha kuwa na dirisha la mizigo ya maabara yenye barafu ni uamuzi wa kiutawala, na vyuo vitatu vya mji mmoja kutumia mashine moja yenye fundi wa kudumu ni makubaliano ya wakuu wa vyuo. Mashine tatu zisizo na fundi ni hasara mara tatu.

Fedha ndipo penye ukweli mchungu zaidi. Kilifi, Ifakara na icipe vimesimama kwa sehemu kubwa juu ya fedha za nje, na anayevisifu bila kusema hilo anamficha msomaji. Tumeona zinavyokatika. Mwaka 2021 Uingereza ilipopunguza misaada, miradi ya utafiti iliyokwishaanza ilipunguziwa bajeti. Mwaka 2023 serikali ya Sweden ilikata fedha za utafiti wa maendeleo, na mwaka 2025 Marekani ilivunja shirika lake la misaada la USAID na kuzuia aina ya ruzuku ambayo taasisi zetu za afya zilikuwa zikipokea kupitia vyuo vya Marekani. Kila fedha inapokatika hivyo, anayeumia kwanza ni mwanafunzi aliye katikati ya ukusanyaji wa data, asiye na mkataba wa ajira wala posho ya mwezi ujao. Kwa upande wetu, nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi kufikisha asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Sheria ya sayansi ya Kenya ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 kwa ajili ya mfuko wa taifa wa utafiti. Kwa hesabu za UNESCO, Afrika kusini mwa Sahara kwa jumla ilitumia mwaka 2018 karibu nusu ya asilimia 1, ilhali wastani wa dunia ulikuwa takribani 1.8.

Anayesema nchi maskini haiwezi kulipia uzamivu huku haina dawa kwenye zahanati ana hoja ya kusikilizwa, ila aangalie tena. Gharama ya tiba isiyofaa hulipwa na nchi hiyohiyo maskini, kama watoto wale wa dripu walivyolipa. Isitoshe, tumeshaanza kulipa: vituo 24 vya umahiri vilivyoanzishwa tangu mwaka 2016 katika nchi 8 za mashariki na kusini mwa Afrika, vikiwemo vya Morogoro na Arusha, vilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia ya takribani dola milioni 140, na mkopo hurudishwa na mlipakodi. Kama tumeweza kukopa ili kuvianzisha, ni makosa kuvisahau kwenye bajeti mkopo unapokwisha. Serikali haitakiwi kufika asilimia 1 kesho asubuhi. Inatakiwa kutoa fungu dogo lisilokatika, la posho ya mwanafunzi na vitendanishi vyake, litakalodumu miaka 4 hata mfadhili akiondoka. Mwanafunzi mmoja mwenye uhakika wa miaka 4 ana manufaa kuliko kumi wenye mwaka mmoja mmoja.

Lipo bado swali la ajira: tuwafunze ili wakae wapi? Vijana wenye uzamivu wasio na kazi wapo, na kuwaambia wavumilie ni kuwadharau. Lakini hali haiko upande mmoja. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa viwango vilivyotaka mhadhiri awe na uzamivu na kuwapa waliokuwa hawana miaka 5. Muda ulipofika wengi walikuwa bado, kwa sababu wasimamizi wa kuwafikisha huko walikuwa wachache kuliko waliohitaji kusimamiwa. Uhaba wa wasimamizi na ukosefu wa ajira unaishi nyumba moja: vyuo vinahitaji watu, bajeti ya kuwaajiri haipo, na wale wachache waliopo wanafundisha mamia ya wanafunzi wa shahada ya kwanza hadi hawana muda wa kusoma rasimu ya tasnifu. Zaidi ya hayo, aliyefundwa kupima dai kwa ushahidi ana kazi nje ya chuo, katika mamlaka za dawa, maji, chakula na hali ya hewa, na katika wizara zinazonunua pembejeo za mabilioni. Ni juu ya serikali kuandika sifa hiyo kwenye nafasi zake, na ni juu ya vyuo kuacha kumfunza mwanafunzi kana kwamba kila mmoja atakuwa profesa.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuomba, usianze na nchi. Tafuta makala tatu au nne za kisayansi zinazohusu jambo linalokusumbua, iwe kiduha, floraidi au shinikizo la damu, uone zimeandikwa na nani na wapi. Mwandikie mmoja wao barua fupi yenye swali moja la maana. Barua ya kuomba ufadhili bila swali hufutwa, na wanaozipokea hawana kosa. Omba mafunzo ya vitendo katika kituo kilicho karibu kabla ya kuomba shahada. Ukipewa nafasi, ndani au nje, uliza kabla ya kutia saini: msimamizi ana wanafunzi wangapi, waliomaliza kwake walichukua miaka mingapi na sasa wako wapi, data na sampuli zitabaki mikononi mwa nani, na fedha ikikatika katikati nani atabeba mzigo. Atakayekasirishwa na maswali hayo amekujibu. Na wewe usiye mwanafunzi, unayelipa kodi na kupeleka mtoto hospitali, una swali lako pia. Mbunge wako hupitisha bajeti kila mwaka. Muulize fungu la utafiti lilikuwa shilingi ngapi, na kati ya hizo zilitoka ngapi.